Mayai ya Wiki ya Kumi

Mimi ni mpishi wa nzi. Najua utacheka. Mke wangu amecheka miaka kumi na tisa na bado hajachoka. Kila asubuhi napika sufuria nne za uji: unga wa mahindi, hamira, sukari, na unga wa mwani wa kuugandisha, nao huliwa na nzi wadogo wa matunda, wale wanaozungukazunguka ndizi iliyoiva sana. Nzi hao hawajawahi kunishukuru. Na aliyewachunga, mama mmoja tuliyemwita Bi Chupa, ndiye kabisa hakuwahi kunishukuru. Leo uji mzito, kesho uji mwepesi, keshokutwa una mabonge, mtondo umeungua chini. Jamani, nzi wenyewe walikuwa wanakula na kunyamaza.

Nasimulia habari za Bi Chupa kwa sababu tangu astaafu watu wameanza kumsifu sifa za uongo. Eti alikuwa mpole. Alikuwa mpole kama msumari. Ukitaka kujua mtu anavyoweza kukukera kwa miaka kumi na tisa bila kuinua sauti hata siku moja, niulize mimi.

Alikuja kwenye taasisi yetu kama mfagiaji, shule ameishia ya msingi. Wakati huo chumba cha nzi kilikuwa cha profesa mmoja mzee, marehemu sasa. Siku moja profesa alikuwa anahesabu nzi waliokufa kwenye chupa, amehesabu mara mbili na kupata majibu mawili. Yule mfagiaji akachungulia juu ya bega lake, akamtajia jibu la tatu, akaendelea kufagia. Profesa akahesabu tena, taratibu, mmoja mmoja kwa ncha ya brashi. Jibu la mfagiaji ndilo lilikuwa sahihi. Mwezi haukuisha, ufagio akapewa mtu mwingine.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye chumba kile kulikuwa na koo mbili za nzi, rafu moja huku na nyingine kule. Ukoo wa kwanza tuliuita Kawaida. Hao wakianguliwa, wanataga, na mayai yao ya wiki ya pili yanachukuliwa kuanzisha kizazi kipya, basi, hakuna maneno. Ukoo wa pili tuliuita Wazee. Hao mayai yao ya wiki ya kwanza yalitupwa. Ya wiki ya pili yalitupwa. Ya tatu, ya nne, mpaka ya tisa, maelfu kwa maelfu, yote kwenye ndoo. Bi Chupa alisubiri mpaka wiki ya kumi, dhaifu wote wamekwisha kufa na waliobaki wanatembea kama watu waliokaa sana kwenye benchi, ndipo alipochukua mayai ya hao wachache. Hao tu ndio walioruhusiwa kuwa wazazi. Mwanzoni ilikuwa wiki ya nne, maana nzi wa kufika wiki ya kumi hawakuwepo. Kidogo kidogo ikasogezwa. Vizazi themanini na kitu.

Na ikakubali. Nzi wa Kawaida, ukifika wiki ya saba huna wa kumhesabu. Wazee walivuka wiki ya kumi na tatu wakipepea, uji ule ule, joto lile lile, chupa zile zile.

Habari hii ilivuja kwetu, na mjomba wangu, akiwa na miaka sabini na moja, akafunga safari kuja kuomba dawa. Nilimkanya, hakusikia. Bi Chupa akamkalisha kwenye kiti cha jikoni kwangu, akamweleza kwa utulivu wake ule wa kuudhi. Huko nje, alisema, nzi hamalizi wiki mbili. Mjusi atamla, buibui atamnasa, mvua itamzamisha. Sasa fikiria kasoro ya kurithi ambayo inaamka wiki ya sita. Nani ataizuia? Mwenye nayo ameshazaa zamani, watoto wanayo, wajukuu wanayo, na yeye mwenyewe yuko tumboni mwa mjusi. Kasoro za namna hiyo hurundikana kizazi kwa kizazi kama vumbi nyuma ya kabati, kwa sababu hakuna anayefika huko kufagia. Nyingine ni mbaya zaidi: zinakupa nguvu ya kuzaa ukiwa kijana na kukuvunja mgongo ukizeeka, na hizo ndizo zinazoenea haraka. Sisi hapa, akasema, tumekata shauri kwamba asiyefika wiki ya kumi hawi baba wala mama. Kwa hiyo kasoro ya wiki ya sita inakufa pamoja na mwenyewe.

Mjomba alisikiliza yote, akatikisa kichwa kwa heshima, akamaliza chai yake, kisha akauliza, "Sasa hiyo dawa, mama, ni ya kumeza au ya kupaka?"

Nilitamani ardhi ipasuke nijifiche. Bi Chupa hakucheka. Alimwambia hakuna dawa, na hata jeni moja la kulaumu hakuna, ni mamia, kila moja linasukuma kidogo. Mjomba akaondoka akiamini kwamba tunaficha, na mpaka leo ananisalimia kwa ncha za vidole.

Mimi nami, nikiri tu, nilikuwa na dawa yangu kichwani. Nilimsikia Bi Chupa akieleza hayo mara mia, kwa wanafunzi, kwa wageni, kwa mafundi wa umeme, na kila mara nilitikisa kichwa nikisema moyoni: na uji je? Nani anachekecha unga mara mbili? Nani anapima hamira kwa mizani? Nzi waishi mara mbili ya wenzao, na mpishi asiwe na lake hapo? Nilijua Kawaida nao wanakula uji huo huo. Nilijua. Lakini mtu akipika miaka kumi na tisa lazima ajiwekee chembe ya sifa mahali fulani, la sivyo ataacha kazi.

Nyumbani kwake Bi Chupa alikuwa na mume fundi cherehani, mtu wa maneno matatu kwa siku, na binti mmoja aliyempata akiwa na miaka arobaini na moja. Mama mkwe wake alisema ameambukizwa na nzi. Mwaka ule wafanyakazi walipogoma na taasisi ikafungwa, alibeba ukoo wote wa Wazee kwenye ndoo mbili, akaupanga ndani ya kabati la nguo za mtoto, na akanitumia ujumbe nimpelekee uji. Nikaenda, nimegoma lakini nikapika, huo ndio ujinga wangu. Nikamkuta yule mume anatoa nzi kwenye kikombe chake cha chai kwa kijiko. Akanitazama, akasema, "Karibu." Hilo likawa neno la kwanza la siku.

Basi mwaka jana akaletwa Mkuu mpya. Kijana, ana adabu, anasema shikamoo hata akiwa anakimbia. Alitaka chumba. Ameagiza mashine za kusoma jeni na hana pa kuziweka. Akamwita Bi Chupa, aliyekuwa amebakiza miezi minne kustaafu, nami nikaitwa pia kwa kuwa nilikuwa mlangoni na sufuria. Akasema wazi, bila kuzungusha: profesa alipofariki hakuna aliyehesabu upya kwa utaratibu. Fanyeni hesabu moja ya mwisho ya kizazi kinachofuata, Wazee na Kawaida, kutoka kuanguliwa hadi kufa. Ikionekana kweli Wazee wanaishi mara mbili, chumba kinabaki, na mashine zitaanza na wao, tuone jeni zipi zimebadilika. Isipoonekana, chupa zote ziende kwenye friza na chumba kifagiliwe.

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Miaka kumi na tisa ya mtu, itegemee kizazi kimoja cha nzi.

Na hapo ndipo jicho lilipoamua kuharibika. Alikuwa ameficha. Mimi niligundua siku nilipomwona anahesabu chupa moja mara mbili, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kumwona askofu akiiba. Mtoto wa jicho, jicho la kulia, na daktari akasema lipasuliwe upesi na asiinamishe kichwa kwa wiki tatu. Kazi ya nzi ni kuinamisha kichwa kutwa. Na siku ya mayai ya wiki ya kumi ilikuwa inaangukia ndani ya wiki ya kwanza ya likizo yake.

Hakukuwa na mwingine wa kumwachia ila mimi. Alinifundisha siku mbili nzima, na nadhani katika siku hizo mbili aliniita mzembe mara nyingi kuliko mama yangu katika maisha yake yote. Weka kisahani cha uji uliotiwa unga wa makaa, uwe mweusi, ili mayai meupe yaonekane. Asubuhi hesabu. Yahamishe kwa brashi. Yasipungue mia tano. Hilo alilirudia mpaka likanitoka masikioni: yasipungue mia tano. Yakipungua, ndugu wanaoana na ndugu, damu inakaribiana, ukoo unadhoofika na hesabu inaharibika. Likitokea lolote nipigie simu.

Nikaweka kisahani. Asubuhi nikahesabu. Mia mbili na kumi na mbili. Nikahesabu tena nikiomba Mungu niwe nimekosea, nikapata mia mbili na kumi. Wazee wanataga kidogo, nani asiyejua, lakini mia mbili?

Na rafu ya pili, mita moja kutoka nilipokaa, visahani vya Kawaida vilikuwa vyeupe kwa mayai kama chumvi iliyomwagika. Vijana wale wanataga kama wamelipwa. Yai la Kawaida na yai la Mzee ukiyaweka pamoja, hata Bi Chupa kwa macho yake mawili mazima hawezi kuyatofautisha.

Sikiliza, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na amri moja inapiga kengele kichwani, yasipungue mia tano, na nilikuwa na ule ujinga wangu wa sirini kwamba yai ni yai, kinachofuata ni malezi na uji. Kumpigia simu? Mtu amefungwa bandeji jichoni, nimwambie nini, kwamba siku ya kwanza tu nimeshindwa? Nikachukua brashi. Mayai mia mbili themanini na nane ya Kawaida, nikayapanga vizuri pamoja na ya Wazee. Jumla mia tano kamili. Nikaandika 500 kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tatu akapiga mwenyewe.

"Umepata mangapi?"

"Mia tano."

"Vizuri," akasema, na akakata. Miaka yote ile, lilikuwa vizuri lake la kwanza kwangu.

Alirudi nzi wakiwa wana siku kumi tangu waanguliwe, mia nne na tano wazima, naye sasa anaona mpaka nywele za miguu ya buibui kwenye dari. Akaanza hesabu. Kila baada ya siku moja anatoa waliokufa, anawaandika, anawaweka kwenye vichupa vya spiriti vyenye tarehe. Wiki ya nne, sawa. Wiki ya tano, Wazee wakaanza kufa. Wiki ya sita wakafa kweli kweli. Mwisho wa wiki ya saba alikuwa ameandika vifo mia mbili thelathini na moja, zaidi ya nusu, na wote wamekufa siku zile zile wanazokufa Kawaida.

Mimi jikoni nilikuwa nimeshajua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kwamba kifo chenyewe kitaandikwa kwenye jedwali. Nilijitia hamnazo. Nilichekecha unga mara tatu. Nilijiambia labda wataacha kufa. Nilimkasirikia yeye pia, nisamehe, kwa kurudi, kwa kuona vizuri, kwa kuhesabu bila kukosea. Mtu mwingine yeyote angekosea kidogo na tukapona wote.

Yeye hakulalamika. Hilo ndilo lililoniumiza. Wiki ile hakusema uji una mabonge, na ulikuwa na mabonge, niliona kwa macho yangu. Alianza kubeba vitu vyake nyumbani kimoja kimoja: kalenda, sweta, kiti kidogo cha miguu. Mkuu alipita, akatazama jedwali, akasema pole mama, akaondoka taratibu. Jioni hiyo akaja jikoni kwangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya bila kosa la kuniletea, akakaa juu ya gunia la sukari.

"Mpishi," akasema, "nafikiri Wazee hawakuwahi kuwa na kitu. Labda profesa alijidanganya na mimi nikajidanganya. Labda miaka yote ilikuwa ni uji wako."

Miaka kumi na tisa nilisubiri mtu aseme maneno hayo. Na alipoyasema, nakwambia, yaliniingia kama mwiba wa samaki kooni. Alikuwa anatazama mikono yake. Akasema binti yake alikuwa akimuuliza tangu mdogo, mama, kazi yako ni nini, naye akimjibu, nangoja. Sasa atamwambia alikuwa anangoja nini?

Uji ukafurika, ukazima moto. Sikuuzuia.

"Dada, si uji," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote, nimempa mgongo, nikifuta jiko. Mia mbili na kumi na mbili. Rafu ya pili. Brashi. Nilipomaliza nikajua nitatupiwa kitu, nikageuka.

"Ya Kawaida uliweka mangapi?" akauliza.

"Mia mbili themanini na nane."

Macho yake yakapanda juu kwenye dari, pale anapofanyia hesabu zake. Mayai mia mbili themanini na nane, yanaanguliwa manane kwa kumi, ni kama mia mbili thelathini, na waliokufa ni mia mbili thelathini na moja. Nikaona uso wake unafunguka. Akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka machozi yakamtoka kwenye jicho jipya na la zamani, akisema hawakufa, mpishi, wangu hawajafa, wangu wote wapo. Halafu akafuta machozi, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza jioni ile, akasema, "Mpumbavu wewe." Akatoka.

Baada ya hapo hakusema nami siku tisa. Alikuwa anamtuma mlinzi wa getini. Mlinzi anatembea kutoka chumba cha nzi mpaka jikoni, hatua kumi na mbili, anasimama, anasema: nimeambiwa nikwambie uji una mabonge. Nami namwambia, mwambie nimesikia. Anarudi. Yule mlinzi mwishowe aliomba apangiwe geti la nyuma.

Lakini kesho yake asubuhi ilibidi twende kwa Mkuu, yeye mbele mimi nyuma kama mtoto aliyevunja dirisha. Nikarudia maelezo. Mkuu akasikiliza, akavua miwani, akauliza swali ambalo sikulitarajia kabisa: atajuaje kwamba sijatunga? Watu wanaopendana kazini, alisema, wanaweza kubebana. Kupendana! Mimi na yule mama! Nilitaka kumwambia aulize mlinzi.

Bi Chupa akatoa mfukoni vichupa vyake vya spiriti, vya wiki ya sita, akavipanga mezani. "Mashine zako zimefika, Mkuu," akasema. "Wasome hawa. Halafu wasome walio hai."

Ikachukua wiki nzima. Kwa vizazi themanini koo zile mbili hazikuwa zimechanganya damu hata mara moja, kwa hiyo jeni zao zilikuwa zimeachana mbali, na mashine ingeona nani ni mtoto wa nani hata kama jicho halioni. Waliosomwa walikuwa ishirini waliokufa mapema na ishirini walio hai. Mkuu akatuita. Waliokufa, karibu wote ni Kawaida. Walio hai, wote ni Wazee. Akanigeukia akasema, "Umesema kweli." Akanipa na barua ya onyo, ameiandika tayari. Yaani nzi aliyekufa kwenye spiriti anaaminika kuliko mimi ninayepumua, na bado onyo ni langu.

Kisha akasema chumba kinabaki, lakini. Nikajua kuna lakini. Wazee walio hai walikuwa wamekaa chupa moja na Kawaida tangu siku ya kuanguliwa. Majike wale wameshaolewa na madume ya Kawaida, na mayai ya wiki ya kumi yatakuwa na damu ya pande zote mbili. Ukoo si safi tena. Bi Chupa akamjibu kwamba utasafishika kwa njia ile ile uliyopatikana: chukua mayai ya wanaofika wiki ya kumi tu, kizazi baada ya kizazi, na zile kasoro zilizorudi zitatoka na wenyewe. Vizazi tisa au kumi. Miaka miwili na zaidi.

"Mama, unastaafu wiki ijayo," Mkuu akasema. "Nani atakaa hapo miaka miwili?"

Bi Chupa hakunitazama. Alinyoosha kidole tu, akiwa anatazama dirishani. "Aliyechafua," akasema, "ndiye atakayefagia."

Nikasema mimi ni mpishi. Nikasema nimebakiza miaka mitatu na nina presha. Nikasema nina barua ya onyo ambayo wino wake haujakauka. Mkuu alikuwa anaandika jina langu.

Mayai ya wiki ya kumi yaliangukia siku mbili kabla ya siku yake ya mwisho. Niliweka kisahani cheusi jioni, na asubuhi nikakaa kwenye kiti chake, brashi mkononi. Wazee waliobaki walikuwa mia moja na arobaini, majike na madume. Yeye alikuwa nyuma yangu anafunga kikombe chake kwenye gazeti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu wakati nafanya kazi. Nilihesabu mara mbili. Mara zote mbili nilipata mia moja sabini na tatu.

Rafu ya Kawaida ilikuwa palepale, nyeupe. Sikuitazama, Mungu shahidi yangu, nilimtazama yeye.

"Dada, hayafiki," nikasema. "Ni mia moja sabini na tatu. Nifanyeje?"

"Haya yaweke chupani," akasema, bila kuinua uso kwenye gazeti lake. "Halafu weka kisahani kingine, ungoje kesho."

"Kesho?"

"Kesho watataga mengine. Na keshokutwa. Wazee hawatagi kwa siku moja, wewe umewaona wapi?"

Nilikaa pale nimeshika brashi. Kesho. Nzi mia mbili thelathini na moja, barua ya onyo, siku tisa za mlinzi, miaka miwili iliyokuwa inaningoja kwenye kile kiti, na jioni ile juu ya gunia la sukari. Nikamuuliza, na sauti ilinipanda, kwa nini siku zile mbili za kunifundisha, kati ya matusi yote yale, hakupata nafasi ya kusema neno hilo moja.

Akaacha kufunga gazeti. Nadhani alikuwa anajiuliza mwenyewe.

"Nilisahau kwamba kuna mtu asiyejua kungoja," akasema. Kisha akaongeza, "Na simu ulikuwa nayo."

Nikachukua kisahani kingine, nikakiweka.